Kambare Juu ya Paa la Namba Nne

Niliwahi kupanda juu ya paa la nyumba ya serikali pale Newala nikakuta kambare anaogelea. Alikuwa hai, mnene, mwenye ndevu zake zote, na hakuonyesha kushangaa hata kidogo kuniona. Kwa wale ambao hamjapangiwa kazi huko, Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, na miaka ile maji ya kunywa yalifuatwa bondeni kwa ndoo, watu wakishuka alfajiri na kupanda jua likiwa limeshawaka. Mto Ruvuma uko chini kabisa ya genge. Samaki yule hakupotea njia. Aliletwa.

Nyuma yangu kwenye ngazi alisimama mwenyekiti wa kamati kutoka Dar es Salaam. Kamati yake ilikuja kuthibitisha kwamba nyumba ile, pamoja na nyingine tano zilizo kwenye mstari mmoja nayo, zibomolewe kwa kuwa zege lake limeoza. Na mtu aliyeandika kwamba zege limeoza, mwaka hadi mwaka, kwa kalamu na sahihi yake, ni mimi.

Nimestaafu mwezi uliopita. Ninyi vijana wa idara ya ujenzi mmenitaka niandike niliyoyaona, nami nimekubali kwa sharti kwamba sitaandika habari za vyeo. Vyeo vyangu viko kwenye jalada na havijawahi kuziba hata ufa mmoja. Nitafika kwa kambare, lakini kwa mpangilio.

Niliripoti kazini Masasi siku ya Jumatatu nikiwa na cheti cha fundi sanifu majengo, penseli nne za kuchorea, na rula ndefu ambayo mama mmoja kituo cha basi alidhani ni ya kuchapia wanafunzi. Kwetu ni Lukuledi, si mbali, kwa hiyo nilijiona mwenyeji. Msimamizi wa karakana alikuwa Mzee Chilumba, Mmakonde wa Newala, mtu mfupi mwenye mikono mipana kama mwiko. Alinitazama viatu kabla hajanitazama uso.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hivyo viatu, unakwenda kuoa?"

"Hapana, mzee. Nimekuja kuripoti."

"Basi vivue. Paa halipandwi na bwana harusi."

Siku ile nilipanda mapaa matatu nikiwa peku, na jioni nyayo zangu zilikuwa za moto kama chapati. Ndivyo nilivyoanza.

Mzee Chilumba hakusoma mchoro, au alijifanya hasomi. Alinifundisha mambo matatu. La kwanza, ukuta uguswe kwa mgongo wa kiganja, kwa sababu ngozi ya ndani ya mkono wa fundi imeshakufa na haihisi unyevu. La pili, plasta igongwe kwa nyundo ndogo, usikilize: ikilia kavu ni nzima, ikilia kama debe tupu imeachia. La tatu, usiingie nyumba ya mtu na kuanza kutazama juu. "Salimia kwanza," alisema. "Ukitazama dari kabla hujamtazama mwenye nyumba, atakuficha kila kitu." Mawili ya kwanza niliyashika. La tatu nililiona ni adabu tu, si ufundi. Hapo ndipo nilipokosea, ingawa ilinichukua miaka kumi na moja kujua.

Nyumba alizozipenda kuliko zote ziko Newala, mwendo mfupi kutoka boma la zamani. Watu wanaziita Nyumba Sita. Zilijengwa baada ya vita kuu ya pili, Mwingereza alipotaka makazi ya watumishi wake haraka haraka, naye Chilumba, kijana wakati huo, alikuwa kibarua wa kuchanganya zege. Ukizitazama leo bado zinaonekana kama zimetoka mji mwingine. Paa ni bapa, la zege tupu, limezungukwa na ukuta mfupi unaokufikia magotini. Juu ya kila dirisha kuna ubao wa zege uliotokeza nje kuzuia jua. Ukuta wa jikoni ni wa matofali yenye matundu, hewa ipite. Sebule inafunguka moja kwa moja barazani, hakuna korido, hakuna mapambo, hakuna kona isiyo na kazi. Aliyezichora aliamini kwamba nyumba ni chombo, na chombo kizuri hakihitaji maua.

Watu waliohamia humo walikuwa na maoni yao. Ule ubao wa zege juu ya dirisha ulifaa sana kwa kuku wa kutagia. Matofali ya matundu yalizibwa kwa magazeti mwezi wa Juni, maana upepo wa uwandani msimu huo unaingia hadi kwenye mifupa. Na paa bapa, ambalo mchoraji nadhani alitaka mtu apumzike juu yake na kitabu, lilikuwa mahali bora kabisa katika wilaya nzima pa kuanikia makopa ya muhogo. Mbuzi hafiki, kuku hafiki, jua linafika.

Kazi yangu ya kwanza huko ilikuja wiki ileile niliyoripoti. Nyuma ya kila nyumba kulikuwa na bomba nene la chuma likishuka kutoka kwenye paa na kuingia ardhini. Amri ilitoka juu kwamba mabomba hayo yafunguliwe yakafungwe kwenye nyumba ya mkubwa mmoja iliyokuwa inamaliziwa, na Nyumba Sita wataletewa mengine ya bati. Mzee Chilumba alinuna siku nzima. Mimi nilikuwa na spana mpya. Niliyafungua yote kwa siku moja na nusu bila kuvunja hata nati moja, na nikaandika kwenye daftari: "Mabomba ya bati yatafuata." Nilijivunia kazi ile.

Sasa niwaeleze ukaguzi ulivyokwenda, kwa sababu hadithi yote imo humo. Mwaka wa serikali unaanza Julai. Mafuta ya gari yalipitishwa Julai, yakaandikiwa barua Julai, yakafika Agosti. Kwa hiyo kila mwaka Landrover ya idara ilipanda Newala Agosti au Septemba, kiangazi kikali, na Desemba mafuta yalikuwa yamekwisha. Hata kama yangebaki, mvua ikianza ile njia ya kupandia uwandani inageuka sabuni. Nimekagua Nyumba Sita miaka kumi na moja mfululizo, na katika miaka hiyo sikuwahi hata mara moja kuziona zikinyeshewa.

Nilichoona ni hiki. Ndani, dari lilikuwa na madoa makubwa ya kahawia, yenye kingo kama ramani. Pembeni plasta ililia debe tupu. Katika namba mbili na namba nne kutu ya nondo ilishachungulia. Nikapanda juu: makopa yameanikwa, safi, paa kavu kabisa, limefagiwa. Kitu kimoja tu kilinishangaza. Upande wa ndani wa ule ukuta mfupi kulikuwa na mstari mweupe wa chumvi uliozunguka paa lote, kimo cha shubiri moja kutoka chini, umenyooka ajabu. Nikauwekea pimamaji. Ulikuwa sawasawa, povu la pimamaji halikucheza. Nikaandika kwenye ripoti kwamba mafundi wa zamani walikuwa hodari sana wa kupiga mistari.

Msicheke bado, kuna zaidi.

Hitimisho langu lilikuwa fupi na niliona ni la kisayansi: paa ni kavu, maji hayatuami, lakini dari linaoza, kwa hiyo ubovu umo ndani ya zege lenyewe. Mwaka wa pili nilinakili ya mwaka wa kwanza na kuongeza neno "zaidi." Mzee Chilumba, alipokuwa bado kazini, alisoma moja akanirudishia. "Zege hili nimelichanganya mimi," alisema. "Halijaoza." Nikamwambia kwa upole kwamba sayansi ya vifaa imesonga mbele. Akaniuliza kama imesonga na viatu.

Alistaafu akarudi kwao Newala. Mimi nikabaki na nyundo yake ndogo na jalada linalonenepa.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Mliokuwa wadogo mnakumbuka mitumba na redio. Sisi wa ujenzi tunakumbuka maghala. Biashara ya korosho ilifunguliwa, wanunuzi binafsi wakaanza kuingia, na kila mmoja alitaka mahali pa kuweka magunia karibu na barabara. Kiwanja chenye Nyumba Sita kiko karibu na barabara. Ghafla watu ambao hawakuwahi kufungua jalada langu walianza kulisoma kwa mapenzi. Mkuu wangu alinipongeza kwa mara ya kwanza. "Umeandika vizuri," alisema. "Umeandika 'limeoza' mara nyingi."

Nikaambiwa kamati inakuja kutoka Dar es Salaam kuthibitisha, na kwamba mimi nitawaongoza kwa miguu kutoka boma hadi Nyumba Sita, nikiwaeleza kila jengo la zamani njiani ili ionekane kwamba serikali inatupa kwa kujua. Wakapanga kuja Februari. Nilipandisha barua kwamba Februari ni mvua. Jibu likasema kamati ina ratiba.

Landrover ilitutoa Masasi vizuri tu. Tulipoanza kupanda ikaanza kwenda ubavu ubavu kama kaa, na mara mbili tuliteremka sote kuisukuma. Mwenyekiti alikuwa bwana mrefu mwenye viatu vyeusi vilivyong'arishwa hadi unajiona ndani. Tulipofika Newala hukuweza kujua viatu vinaishia wapi na udongo unaanzia wapi. Alikuwa pamoja na msanifu majengo mmoja kijana, binti aitwaye Adela, ambaye yeye alivua viatu vyake tangu tulipoteremka mara ya kwanza akavitia mfukoni mwa koti. Nikampenda papo hapo.

Mvua ilikatika tukaanza matembezi. Nilijiandaa: nilikuwa na orodha, kila jengo na mwaka wake wa kukadiria. Mwenyekiti alitazama saa. Adela alitazama kila kitu. Tulipofika mbele ya namba moja alisimama katikati ya njia, matope hadi vifundoni, akasema, "Jamani, tazameni huo ubao wa dirisha. Tumefundishwa hii darasani, sikujua iko huku."

"Kuna kuku juu yake," mwenyekiti akasema.

"Na dirisha chini yake liko kivulini, Mheshimiwa. Maana yake inafanya kazi."

Mbele ya namba mbili tukamkuta Mzee Chilumba, amekaa barazani kwa watu kana kwamba aliitwa. Hakuitwa. Alisikia tu kwamba tunakuja, na Newala habari haihitaji barua. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akashuka na kuanza kutufuata nyuma, fimbo mkononi, bila kuomba ruhusa.

Namba nne alikaa Mama Somoe, mkunga wa hospitali, mwenyeji wa Mnyambe, na watoto wake wanne na mama yake mzazi. Nusu ya watoto wa mji ule amewashika yeye wa kwanza. Alikuwa ananiita Baba Fadhila, kwa jina la binti yangu mkubwa, na tangu ahamie humo aliniandalia chai kila nikikagua. Alitupokea kwa heshima zote. Yeye alidhani tumekuja kukarabati. Barua waliyopewa wapangaji ilisema "ziara ya tathmini," na hakuna aliyemwambia tathmini ya nini. Wala mimi sikumwambia. Hilo naliandika hapa kwa sababu ni kweli.

Mwenyekiti alitazama sakafu iliyopigwa deki, akatazama viatu vyake, akasema, "Mama, naomba maji kidogo nioshe viatu."

Nikataka ardhi inimeze. Mtambo wa kusukuma maji kutoka bondeni, ambao hata siku zake njema ulifanya kazi kwa kubahatisha, ulikuwa umeharibika kwa wiki ya pili, na njiani tulipishana na wanawake wanaopanda na ndoo. Newala huombi maji ya viatu. Unaweza kuomba mkono wa binti wa mtu ukaonekana una haraka kidogo tu. Maji ya viatu ni matusi.

Mama Somoe alicheka. "Karibu, baba," akasema. Akafungua kizibo cha mpira wa maji uliotokea kwenye tundu la ukuta wa jikoni, na maji yakamwagika. Si kuchuruzika. Yalimwagika, safi, ya baridi, mwenyekiti akaosha kiatu cha kulia, cha kushoto, na akaomba anawe uso.

"Mama Somoe," nikasema, "maji haya yanatoka wapi?"

"Juu."

"Juu wapi?"

"Baba Fadhila, nawe. Juu kuna wapi pengine?"

Nikaenda nyuma nikapanda ngazi, mwenyekiti akinifuata kwa hamu ya mtu ambaye viatu vyake ni safi. Nimeshawaambia nilichokuta. Paa lote lilikuwa bwawa, kina cha shubiri moja, limejaa hadi kwenye ule mstari mweupe niliousifia miaka kumi na moja. Yale matundu ya kutolea maji, yaliyokuwa yanaelekea kwenye mabomba yangu ya chuma, yalikuwa yamezibwa kwa vitambaa vilivyosokotwa na kupakwa lami. Mpira ulikuwa umezamishwa pembeni na kushuka hadi jikoni. Na kambare akapita taratibu, kama mkaguzi.

"Huyu ni wa nini?" mwenyekiti akauliza.

Mama Somoe alikuwa amesimama chini, mkono kiunoni. "Wa mbu," akajibu. "Bwana afya alisema maji yaliyosimama yanazaa mbu. Nikamwambia sawa. Kaka yangu akaniletea kutoka Ruvuma kwenye ndoo. Anakula viluwiluwi vya mbu vyote. Mvua zikiisha tunamla yeye, mwakani anakuja mwingine. Namba mbili wanao wawili, lakini wembamba, wale hawafagii paa kabla ya mvua."

"Na sisi tukija kukagua?" nikauliza, ingawa nilishajua.

"Mkija ni kiangazi. Maji yameshakwisha, tumezibua, tumefagia, tumeanika makopa. Mgeni anafagiliwa, Baba Fadhila. Ulitaka ukute uchafu?"

Adela alianza kucheka, akajizuia, akashindwa. Hapo chini Mzee Chilumba aligonga ukuta kwa fimbo. "Nieleze wewe mwenye sayansi," akaniambia. "Zege lililooza linafuga samaki?"

Bila shaka dari lilivuja. Zege lolote ukililoweka miezi minne kila mwaka litatoa jasho, na nondo zitashika kutu. Nyumba hazikuwa na ugonjwa. Zilikuwa zinabeba maji. Nikashuka.

"Lakini kwa nini kwenye paa?" nikamwuliza Mama Somoe. "Chini ya ardhi kuna tangi. Nyumba hizi zilijengwa na tangi kila moja."

Akanitazama kama anavyomtazama mume aliyezimia chumba cha kujifungulia. "Tangi lipo. Bomba la kuingiza maji ndilo halipo. Si mlilikata? Mimi nilikuwa binti hapa, namba tano, kwa mjomba wangu. Kijana mmoja alikuja na spana mpya inang'aa, anapiga mluzi. Akasema ya bati yatafuata. Mpaka leo yanafuata. Tungefanyaje, tusubiri?" Kisha akakunja uso kidogo. "Ngoja. Yule kijana si wewe?"

Mzee Chilumba aligeuka akatazama kuku.

Mwenyekiti alikuwa ameshatoa karatasi zake. Alisema samaki ni jambo la kufurahisha sana, atalisimulia nyumbani, lakini uamuzi wa kubomoa uko palepale, maana ripoti zipo. Ndipo Mama Somoe aliposikia neno lile kwa mara ya kwanza.

"Kubomoa nini?"

Akaniuliza mimi. "Baba Fadhila, kubomoa nini?"

"Nyumba hizi, mama. Zote sita."

"Nani kasema ni mbovu?"

Hospitali ile ilikuwa na wakunga wachache, na yeye ndiye aliyeitwa kwa miguu saa yoyote kwa sababu alikaa karibu. Kumtoa pale ni kumpeleka pembezoni mwa mji, yeye na mama yake ambaye alikuwa hawezi tena kushuka bondeni wala kupanda. Nyumba nyingine yenye maji haikuwepo, si kwake tu, Newala nzima. Na yote hayo yalikuwa yamesimama juu ya sahihi yangu.

"Mimi," nikasema. "Na nilikosea."

Mwenyekiti alivua miwani. "Bwana fundi. Ripoti kumi na moja. Unataka kuniambia zote ni za uongo?"

"Si za uongo, Mheshimiwa. Ni za kiangazi."

"Unaelewa kwamba ukiandika hivyo unajiandikia mwenyewe?"

"Naelewa."

Nikaomba meza. Mama Somoe aliondoa vikombe, akaifuta mara mbili ingawa ilikuwa safi, nami nikaandika palepale, kwa mkono, kurasa tatu: kwamba zege ni zima, kwamba maji yalituama kwa sababu mabomba yaliondolewa na idara yenyewe, kwamba yakirudishwa na matangi yakasafishwa paa litakauka na nyumba zitaishi. Nikaandika pia nani aliyefungua mabomba. Adela alinisaidia kupima nondo na akatia sahihi yake chini ya yangu bila kuombwa. Mzee Chilumba alisimama nyuma ya bega langu muda wote, yeye asiyejua kusoma mchoro, na nilipofika ukurasa wa pili akasema, "Hapo umeruka. Spana uliichomoa kwenye sanduku langu. Andika." Sikuandika. Lakini hiyo pia ni kweli.

Mwenyekiti alizipokea zile kurasa kwa vidole viwili. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake. "Nilitumwa kuthibitisha," alisema, "sikutumwa kufuta. Za zamani nitazipeleka, na hii nitaipeleka. Huko juu watachagua." Kisha akamshukuru Mama Somoe kwa maji, na nadhani alimaanisha, maana alirudi kushukuru mara ya pili.

Mwaka uliofuata nilipata bati la kutosha nyumba tatu na tukalinyoosha likatosha sita, kwa kona ambazo nisingependa mwalimu wangu wa chuo azione. Tuliyafungua matangi. Ndani tulikuta mchanga, magunzi, mpira wa miguu, viatu vitatu vya kushoto, na kwenye tangi la namba tano mifuko ya saruji ya idara iliyogeuka mawe, ambayo kwenye vitabu vyetu ilionekana imetumika. Tulisafisha. Mvua za kwanza zilipoanza nilikodi baiskeli nikapanda Newala kwa gharama yangu, nikakaa barazani kwa Mama Somoe nikisikiliza maji yakiingia ardhini. Nilimsalimia kwanza. Nilitazama dari baadaye sana, na kwa ruhusa.

Mnaoanza kazi sasa mna gari jipya na kompyuta. Ombi langu ni dogo: msikubali mwaka wa serikali uwachagulie msimu wa kuona. Kaombeni lifti kwenye lori la chumvi, pandeni mvua inyeshe, mkae kwenye nyumba ya mtu mpaka mjue anaishije humo. Mstari ulionyooka sana ukutani hakuupiga fundi. Umepigwa na maji.

Nilipokabidhi ofisi mwezi uliopita nilipita masjala. Habari za Nyumba Sita ziko kwenye majalada mawili. La kwanza linasema zibomolewe, la pili linasema zikarabatiwe, na yote yana sahihi yangu. Karani ameyaweka kwenye rafu mbili tofauti, anasema yakikaa pamoja yatamletea kazi. Nilimwandikia Adela, akajibu kwamba ameulizia mara tatu. Mwenyekiti yule amehamishwa. Mfanyabiashara wa ghala hajaondoa ombi lake la kiwanja, na wala hajajibiwa. Mzee Chilumba amefariki bila kujua. Mama Somoe bado yuko namba nne, bado anaitwa kwa miguu, na kila tunapoonana ananiuliza kabla ya salamu kama barua ya uamuzi imekuja.

Haijaja.